Chombo Kidogo Kinachojua Bandari Yake

Maneno haya niliyasema Chake Chake, Pemba, mbele ya wanafunzi wa sayansi wa sekondari, walimu wao na wazee walioitikia mwaliko. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka. Maswali yaliyonikatiza nimeyaondoa, isipokuwa moja.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwalimu Mkuu, Bwana Sheha, wazee wangu, kina mama, na nyinyi wanangu mliokaa chini kwa sababu viti vimetosha wakubwa tu, nashukuru kuitwa nizungumze juu ya vyombo vidogo mno vinavyoogelea mwilini vikipeleka dawa.

Hapa mezani nimeweka kifuu cha nazi. Ndani mna maji ya mtaroni na nyasi kavu, yamekaa kivulini wiki nzima. Ukiyatazama kwa macho utasema ni maji machafu, na kweli ni machafu. Tutayarudia tukishamaliza mazungumzo, ndiyo maana nimekuja na hadubini.

Mimi ni mtu wa maabara. Zaidi ya miaka 20 nimekaa nyuma ya hadubini, ambayo sisi kazini huiita darubini tu, nikitazama mkojo wa watoto wa kisiwa hiki. Unachukua mililita 10, unazipitisha kwenye kichujio chembamba, unakilaza kichujio juu ya kioo, unahesabu mayai ya kichocho. Yai la kichocho chetu huwezi kulikosea: limetuna katikati, na ncha yake moja ina mwiba. Yakifika 50 katika hizo mililita 10, unaandika kuwa mtoto ana maambukizi makubwa. Kuna miaka niliandika hivyo asubuhi nzima, kioo baada ya kioo.

Nyinyi vijana hamkijui kichocho kama tulivyokijua sisi. Wakati wetu mtoto wa kiume akikojoa damu, wenzake hawakushtuka, maana nao walikuwa hivyo hivyo. Tukioga mtoni, tukirudi nyumbani, basi. Tangu 2012, ulipoanza mpango wa kukitokomeza Zanzibar, vidonge vya prazikwanteli viligawiwa skuli na majumbani, konokono wakafuatwa kwenye mito na madimbwi, na mayai yakapungua mbele ya macho yangu mpaka nikawa napitisha vioo vingi bila kuona hata moja. Alhamdulillah. Hakijatoka kisiwani bado, kwa hivyo msiniache hapa mkaenda kuogelea mtoni.

Nimeanza na kichocho kwa sababu mdudu huyu ndiye mwalimu wangu katika jambo nililoitiwa. Mfuateni safari yake. Anatoka kwa konokono mchana, jua likiwa kali. Urefu wake haufiki milimita moja, na mkia wake umegawika panda mwishoni. Hali kitu njiani. Amebeba akiba yake tu, na ikimwishia, siku moja au mbili hivi, amekufa. Ndani ya muda huo lazima amkute mtu. Akiigusa ngozi anatoboa, mkia anauacha nje, mwenyewe anaingia. Anapita mapafuni, anapita kwenye ini, na mwisho anatia nanga katika mishipa midogo inayozunguka kibofu cha mkojo. Hakosei akaenda begani, wala hashukii gotini. Mwili mzima huu, wenye njia za damu zisizohesabika, na yeye asiye na jicho wala ramani anafika bandari ile ile aliyofikia baba yake.

Sasa nikupeni kisa cha mjomba wangu, Allah amrehemu. Alikuwa mkulima wa mpunga, miguu yake imekaa majini tangu utoto. Ukubwani akapata saratani ya kibofu. Kichocho cha aina yetu kikikaa miaka mingi, mayai yananasa kwenye ukuta wa kibofu, pale panawasha, panavimba, panakauka, na baadhi ya watu panageuka saratani. Tangu 1994 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limekiweka kichocho hiki katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Nilimsindikiza mjomba bara kwa matibabu. Dawa ikapitishwa kwenye mshipa wa mkono. Akatapika, nywele zikamwondoka, ladha ya chakula ikampotea, nyayo zikafa ganzi. Usiku mmoja akaniambia, "Mpwa wangu, hii dawa inaitafuta saratani au inanitafuta mimi?"

Sikuwa na la kumjibu. Leo ninalo, na yeye hayupo. Dawa ile haikuwa ikitafuta chochote, kwa sababu haijui kutafuta. Inatiwa kwenye damu, na damu inaipeleka kila inakokwenda. Ni kama mtu mmoja Tumbe ana njaa, na sisi hatujui nyumba yake, basi tunagawa mchele nyumba zote za Pemba, kuanzia Mkoani mpaka Konde, ili na yeye kibaba chake kimfikie. Tena mchele wenyewe ni sumu kwa asiye na njaa.

Watu wamejaribu kuifunga dawa ndani ya chembe ndogo mno, kwa matumaini kwamba zitajikusanya zenyewe kwenye uvimbe. Mwaka 2016 watafiti walipitia kazi za miaka kumi za aina hiyo, zilizofanywa kwa wanyama wa maabara, wakatafuta ni kiasi gani hasa kilifika. Wakapata, kwa kiwango cha kati, asilimia 0.7. Katika kila punje 1,000, zilizofika ni 7. Nilipoisoma takwimu hiyo nilimkumbuka mjomba, nikaifunga kompyuta, nikatoka nje.

Ndipo wanapokuja watu wenye wazo jingine: dawa isiachiwe mkondo, ipewe chombo. Nasema chombo kwa makusudi. Katika lugha yetu chombo ni kifaa na chombo ni jahazi, na hivi ninavyovizungumzia ni vyote viwili kwa pamoja. Ni vifaa vidogo kuliko chembe ya vumbi, vingine vidogo kuliko chembe moja ya damu, vinavyojiendesha vyenyewe vikiwa na shehena ya dawa. Mwanafizikia wa Marekani, Richard Feynman, alilitaja wazo hili hadharani Desemba 1959, akisema amelipata kwa rafiki yake: itakuwaje mgonjwa akimmeza tabibu wake wa upasuaji, tabibu mwenyewe akiwa ni mashine ndogo inayoingia ndani kutazama na kutengeneza? Wakati ule ilikuwa ndoto. Aliyeonesha ugumu wake hasa ni mwingine, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye utamu.

Kila mtu hapa amepanda ngalawa. Ukiacha kupiga kasia, ngalawa haisimami papo hapo, huteleza. Uzito wake unaisukuma. Sasa ifanye ngalawa iwe ndogo, ndogo, ndogo, mpaka iwe sawa na bakteria. Maji ni yale yale, lakini kwako wewe mdogo yamekuwa mazito kuliko asali. Edward Purcell, mwanafizikia aliyewahi kupata Tuzo ya Nobel, alilieleza hili katika mhadhara wa 1976. Alipiga hesabu: bakteria akiacha kuogelea, umbali atakaoteleza kabla ya kusimama ni mdogo kuliko upana wa atomu moja. Kwa maneno mengine, hatelezi. Ukiacha kusukuma, umesimama.

Purcell akatoa mfano wa chaza. Kuna aina ya chaza wanaoogelea kwa kufunga magamba yao ghafla, maji yanatoka kwa nguvu, mnyama anaruka, kisha anayafungua polepole. Kinachomfikisha ni ile tofauti ya haraka na polepole. Mpunguze chaza huyo afike udogo wa bakteria, na tofauti hiyo haimsaidii tena. Akifunga anasogea hatua, akifungua anarudi hatua ile ile. Afanye haraka, afanye taratibu, mwisho wa siku yuko pale pale alipoanzia. Mwendo wowote unaokwenda na kurudi kwa njia moja, huko chini haukupeleki popote. Kasia letu gumu, la kusukuma na kurudisha, huko halifai kitu.

Basi bakteria wanaendaje? Mwaka 1973 Howard Berg na Robert Anderson walionesha kwamba mkia wa bakteria haupigi kama mkia wa samaki. Unazunguka, kama skrubu inayoingia kwenye ubao, na hufika hata mizunguko 100 kwa sekunde moja. Skrubu haina kwenda na kurudi, inazunguka tu upande mmoja, na asali inapasuka mbele yake. Njia ya pili ni kasia linalopinda, ambalo likienda lina umbo moja na likirudi lina jingine.

Na mdudu wetu wa kichocho? Huyu ndiye aliyenikosesha usingizi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha vipimo vya namna anavyoogelea, kwa kichocho cha aina ya tumbo, ndugu wa kichocho chetu. Ule mkia wa panda anaukunjua ukakaa mfano wa herufi T, na viungo vyake si vigumu wala si legelege, vina unyumbufu wa kiasi maalumu. Kwa kiasi hicho hicho, si zaidi wala si pungufu, ndipo anapovuka sheria ya chaza na kusonga vizuri. Miaka yote niliyokuwa nahesabu mayai yake nilimwona ni uchafu wa kuondolewa. Bado nataka aondoke. Lakini sikuwahi kujua kwamba amebeba ufundi wa kiwango hicho.

Watengenezaji wa vyombo wamefuata njia hizo hizo mbili. Mwaka 2005, Paris, walishikamanisha punje za sumaku kama shanga, wakaifunga chembe nyekundu ya damu kwenye ncha, na kwa kuichezesha sumaku kutoka nje mnyororo ule ukapinda-pinda ukaivuta chembe ya damu. Mwaka 2009, Zurich, Uswisi, na Harvard, Marekani, zikatengenezwa skrubu ndogo mfano wa mkia wa bakteria, zinazozungushwa na sumaku dhaifu inayozunguka. Hizi zina sifa moja kubwa: unaziendesha wewe uliye nje. Nahodha yuko pwani. Lakini zinataka mitambo ya kuzungusha sumaku na mashine za kuona ndani ya mwili chombo kimefika wapi, na mitambo hiyo ni ya gharama.

Wengine walitaka chombo chenye mashine yake mwenyewe, kama boti zetu. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, walitengeneza vijiti vya dhahabu upande mmoja na platini upande wa pili, urefu wa sehemu mbili tu za milimita iliyogawanywa mara elfu. Wakavitia ndani ya haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kusafishia vidonda inayotoa povu jeupe. Platini inaivunja peroksaidi, na kijiti kinakwenda chenyewe, bila mtu kukigusa. Furaha ilikuwa kubwa, na haki yao. Lakini peroksaidi ndani ya mwili wa mtu ni sumu. Wamepata mashine, mafuta yake hayamiminiki kwa mgonjwa.

Kwa hiyo swali likageuka, nami naona hapo ndipo akili ilipotulia: tusilete mafuta kutoka nje, tutazame kila kiungo kina nini tayari. Tumboni mna asidi. Kundi la San Diego, California, likatengeneza vyombo vya madini ya magnesi. Magnesi ikikutana na asidi inatoa mapovu ya haidrojeni, mapovu yanakisukuma chombo, na asidi yenyewe inapungua kwa muda, kwa hiyo dawa haiungui. Mwaka 2017 walieleza jinsi walivyowapa panya vyombo hivyo vikiwa na antibayotiki, kwa siku tano, dhidi ya bakteria wa vidonda vya tumbo, na bakteria wakapungua bila kuhitaji dawa ya kuzuia asidi. Kina mama wa mwani nao wana lao: kundi hilo hilo mwaka 2022 lilichukua kimea kidogo cha kijani cha majini, jamaa wa mbali wa mwani, chenye mikia miwili ya kuogelea, likakibandika chembe za antibayotiki, likakitia mapafuni mwa panya wenye nimonia kali. Waliotibiwa waliishi kupita siku 30. Wasiotibiwa walikufa ndani ya siku tatu.

Na sasa kibofu.

Ndani ya mkojo mna urea. Kipo kimeng'enya, yaani kichocheo cha mabadiliko ya kikemia kinachotengenezwa na viumbe hai, kinachoitwa yurease, kinachoivunja urea ikawa amonia na kaboni dayoksaidi. Kimeng'enya hiki si kitu cha ajabu, kimo hata kwenye aina fulani ya maharage makubwa. James Sumner alikitoa humo 1926, kikawa kimeng'enya cha kwanza duniani kupatikana katika hali ya fuwele, na 1946 akapata Nobel kwa sababu yake. Barcelona, Hispania, kundi la Samuel Sánchez likatengeneza vijiduara vya silika vyenye vitundu, likavipaka yurease. Ukivitia kwenye kibofu, mkojo wenyewe ndio mafuta yao. Vinaogelea kwa kile ambacho mwili umekitupa. Likavibebesha iodini yenye mnururisho, ile ambayo mahospitali huitumia kwa saratani ya tezi ya shingo, likavijaribu kwa panya wenye saratani ya kibofu. Matokeo yalichapishwa Januari 2024: kwa dozi moja, uvimbe ulipungua kwa asilimia 90. Na kuna jambo ambalo hata wao halikuwa dogo kwao: vyombo vilijikusanya ndani ya uvimbe. Inaonekana amonia inayotoka pale inalegeza nyuzi zilizoushika uvimbe, vikapata njia ya kupenya.

Fikirini hayo kwa mtu wa Pemba. Saratani ya kibofu ikiwa bado changa, leo hutibiwa kwa dawa inayotiwa ndani ya kibofu kwa mpira, mgonjwa anazuia mkojo saa moja au mbili. Dawa imekaa tu pale, mkojo mpya unaizimua, na mgonjwa akikojoa imetoka. Chombo kinachoogelea kingeenea chenyewe pembe zote za kibofu. Hakihitaji sumaku ya ukubwa wa chumba. Kinahitaji mpira wa mkojo, ambao upo katika kila hospitali yetu, na mkojo. Ndiyo maana katika vyombo vyote nilivyovisoma moyo wangu uko kwa hiki.

Hapa bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango aliinua mkono, akauliza: "Na vikishashusha mzigo, vinakwenda wapi?"

Bibi, swali hilo ni kubwa kuliko hotuba yangu. Magnesi inayeyuka yote, na mwili unaijua, imo hata kwenye mchicha. Vya kwenye kibofu vingi vitatoka na mkojo. Lakini vya dhahabu, vya platini, vya sumaku, vikibaki kwenye ini au figo miaka mitano, vinafanya nini? Mwenye kutaka kuvitia kwa binadamu lazima alijibu hilo kwanza, na anayelikwepa asisikilizwe. Kisha kuna damu. Bakteria mwogeleaji kwa sekunde moja anakwenda kiasi cha sehemu 30 tu za milimita iliyogawanywa mara elfu, wakati damu kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni inakwenda makumi ya sentimita. Hakuna mkia wa kushindana na mkondo huo. Kwa hiyo akikuambieni mtu kwamba vyombo hivi vitazunguka mwili mzima vikisaka ugonjwa, mwambieni aanze na mahali maji yametulia: kibofu, tumbo, jicho, mapafu.

Na hili nalisema kwa sauti ili lifike nje ya ukumbi. Yote niliyoyataja ni kazi za maabara na za wanyama. Hakuna duka la dawa, Chake wala Darajani wala popote, lenye roboti za kuogelea mwilini. Atakayekuja na chupa akikuambia ndani mna teknolojia hiyo, amekuja kukuibia. Kichocho dawa yake ni ile ile ya prazikwanteli, ukipimwa urefu kwa kile kijiti chenye alama na kupewa vidonge vyako. Anayekojoa damu aende kituo cha afya leo, asisubiri Barcelona.

Lakini kusubiri si sawa na kukaa kimya. Dawa mpya hujaribiwa kwa watu wa mahali fulani, kwa ugonjwa ulivyo mahali hapo. Saratani ya kibofu ya huko Ulaya mara nyingi inatokana na sigara, na chembe zake si zile zinazotoka kwenye kibofu kilichokaukiwa na mayai ya kichocho. Je, chombo kilichofuzu kule kitapenya ukuta wenye makovu na mayai yaliyogeuka chokaa? Hilo Barcelona hawawezi kulijibu peke yao, kwa kuwa hawana vibofu hivyo. Sisi ndio tunavyo. Nataka siku swali hilo litakapoulizwa, aliyekaa upande wa pili wa meza awe mtoto wa Wete au Kengeja anayeijua sheria ya chaza, na aulize lile swali la bibi kabla ya mtu yeyote kutia saini.

Nimemaliza. Mwalimu, tusaidie kufunga madirisha ya upande huu, mwanga ni mwingi. Nimetia tone moja la maji ya kifuu kwenye kioo. Mtakayemwona ana umbo la unyayo wa kiatu, anaitwa paramesia, hana madhara. Mwili wake umezungukwa na vinywele, na vinapiga kwa zamu kama makasia ya mtepe. Anakwenda akijizungusha. Akigonga jani hurudi nyuma, hugeuka kidogo, kisha huenda tena. Msiiguse meza, atawatoka kwenye duara.

Wadogo watangulie. Hapana, samahanini wanangu, tumpishe bibi kwanza.